Mahari ya mdogo wetu na daftari la kodi

Leo hatuzungumzii singo wala piko. Tunazungumza kodi, na msikimbie, maana wengi mnaotusoma mnauza kitu kwa simu, au mnakaribia kuolewa na mtu anayeuza.

Sisi ni ndugu watatu, kazi yetu kupamba mabibi harusi hapa Unguja. TIN na leseni vimo kwa jina la dada mkubwa, sisi wawili tunamsaidia. Miaka ya mwanzo hatukuandika chochote. Hesabu zilikaa kichwani, pesa kwenye pochi moja na simu moja ya kupokelea.

Machi 2024 dada akaenda TRA kufanya makadirio. (Kwa mlio wageni wa mambo haya: kodi ya mapato hata hapa visiwani hulipwa TRA. ZRA, iliyokuwa ZRB, ni kwa mambo kama VAT ya biashara za hapa.) Akaulizwa mauzo ya mwaka. Akasema kama milioni 9 hivi. Alipoombwa kumbukumbu, alichokuwa nacho ni taarifa ya miamala ya simu, nayo ilisoma milioni 12.

Tulipoiangalia nyumbani tukatazamana. Mlikuwa na mahari ya mdogo wetu, yaliyotumwa kwenye simu ile ile, pamoja na michango ya harusi yake kutoka kwa shangazi aliye Maskati. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, si mauzo ya mtu. Lakini karatasi haijui hayo, na mdogo wetu alilia, akiona kitu chake kinahesabiwa pamoja na malipo ya hina.

Tofauti haikuwa ndogo. Kwa viwango vya wakati ule, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000, akaongeza asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo kwa milioni 9 ni 150,000. Ukivuka milioni 11 hadi 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote: kwa milioni 12 ni 420,000. Na mauzo si faida, mashoga. Maua, hina, nauli ya kwenda Nungwi, hakuna kinachotolewa hapo.

Tukakaa usiku tatu tukipitia ujumbe mmoja mmoja wa simu. Mama akatutafutia barua ya posa. Dada akarudi ofisini na karatasi zake, akasikilizwa, mahari yakatolewa. Lakini daftari hatukuwa nalo, basi tukalipa 250,000 kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Laki moja nzima tuliitupa kwa uvivu wa kuandika. Na sisi ndio wa kusoma Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote, inayohusu kuandikiana madeni!

Siku hizi kazi ina laini yake ya simu, na fedha za mtu binafsi haziingii humo hata kwa kuazima. Daftari lina safu za tarehe, jina la bibi harusi, kazi, kiasi alicholipa na anachodaiwa. Risiti za manunuzi tunazitia kwenye bahasha ya kila mwezi, na tunaziweka miaka mitano. TIN hutolewa bure, basi asikudanganye mtu akutoze. Malipo yafanyeni kwa namba ya malipo mnayopewa, si mkononi kwa mtu. Na viwango ulizeni upya kila bajeti mpya inapoanza Julai, vinaweza kubadilika.

Mwenye mshahara hukatwa na mwajiri wake, lakini akiuza mabuibui jioni, hiyo ni biashara nyingine na ina makadirio yake. Shoga yetu mmoja mwalimu hakulijua hili.

Mwaka uliofuata mauzo yalikuwa yale yale, milioni 9. Dada alikwenda na daftari kwapani, akarudi na makadirio ya 150,000. Ile laki iliyobaki tulimpa mdogo wetu anunulie kitambaa cha pazia za chumba chake.