Ungo wa Wheaton

Ungo ni chombo cha nyumbani kisicho na makuu. Kazi yake ni kupepeta: punje hubaki, makapi huruka, na mpepetaji hana sifa nyingine ila subira ya mikono yake. Lugha ya Kiswahili ilipokutana na bakuli kubwa la chuma linaloelekezwa mbinguni kupokea mawimbi, haikwenda mbali kulitafutia jina; ilichukua jina la chombo cha jikoni, likatosha. Yamkini jina hilo ni la kweli kuliko walivyokusudia waliolitoa, maana bakuli lile nalo hupepeta. Mawimbi hulishukia kutoka pande nyingi, yakiwa dhaifu na yamechanganyika. Nalo hukataa yale ya kando, likakusanya yale ya mbele na kuyatia mahali pamoja, hata kile kilichokuwa haba mno kusikika kikasikika.

Ungo wa kwanza uliojengwa mahususi ili kusikiliza nyota haukujengwa na chuo kikuu, wala na serikali, wala na kampuni tajiri. Ulijengwa mwaka 1937 ubavuni mwa nyumba ya mama mmoja katika mji mdogo wa Wheaton, jimbo la Illinois, Marekani. Mjenzi alikuwa mwanawe, Grote Reber, kijana wa miaka 25, mhandisi wa redio kwa ujira wa mchana na mwanaredio wa ridhaa kwa mapenzi ya usiku.

Neno hili, ridhaa, lastahili kupimwa. Mwanaredio wa ridhaa ni mtu mwenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi, ambaye hatangazi habari, hauzi bidhaa, wala halipwi. Hujenga mitambo yake, akasimamisha milingoti yake, akatandika nyaya zake, kisha akaita gizani kwa ishara za Morse au kwa sauti, akingoja aitikiwe na mtu asiyemjua katika nchi asiyopata kuiona. Ridhaa ni radhi ya moyo. Mwenye kazi ya ujira huuliza atapata nini. Mwenye kazi ya ridhaa huuliza je, yawezekana? Maswali haya mawili hayagombani, lakini hayafiki mahali pamoja.

Reber alipata leseni yake akiwa na umri wa miaka 16, akaitwa hewani kwa herufi W9GFZ. Kabla ya kumaliza ujana wake alikuwa amekwisha kuzungumza na mabara yote, na nchi zaidi ya 60. Kwa mtu wa namna hiyo dunia huanza kuwa ndogo. Ndipo zilipomfikia habari za Karl Jansky.

Jansky alikuwa mhandisi wa maabara ya simu ya Bell katika jimbo la New Jersey. Mwajiri wake alimpa kazi ya kuchunguza kelele zilizosumbua simu za redio zivukazo bahari ya Atlantiki. Alijenga antena ya mbao na mabomba ya shaba, yenye urefu wa mita 30 hivi, ikazunguka polepole juu ya magurudumu manne ya gari aina ya Ford. Kelele za radi za karibu alizitambua, na za radi za mbali pia. Ikabaki ya tatu, mvumo mwembamba usio na mmiliki. Mwanzo alidhani watoka kwenye jua. Lakini kadiri miezi ilivyopita aliona kwamba upeo wa mvumo huo hufika mapema kwa dakika nne hivi kila siku. Jua hurudi mahali pake kwa saa 24; nyota hurudi kwa saa 23 na dakika 56. Basi mvumo ulifuata saa ya nyota, haukufuata saa ya jua, nao ulikuwa na nguvu zaidi upande wa katikati ya Njia Nyeupe. Mwaka 1933 Jansky alitangaza jambo hilo, na magazeti yakaliandika kwa mshangao. Kisha mwajiri wake akamhamishia kazi nyingine, kwa sababu kelele itokayo kwenye nyota haiwezi kuzuiwa, na kisichoweza kuzuiwa hakikuwa na faida kwa biashara ya simu.

Hapo pana fundisho lisilopendeza. Wahandisi walijua kupokea mawimbi lakini hawakuona kwamba nyota ni kazi yao. Wanafalaki walijua nyota lakini redio kwao ilikuwa ufundi wa watu wengine. Nao wengi hawakusoma majarida yaliyochapisha maandishi ya Jansky. Ugunduzi ukalala kati ya milango miwili, kila mwenye nyumba akidhani ni mgeni wa jirani. Reber aliomba kazi kwa Bell ili afanye kazi na Jansky, lakini ilikuwa miaka ya msukosuko wa uchumi, na kazi hazikuwapo. Akaona basi kwamba lisilofanywa na wenye dhima litafanywa na asiye na dhima, au halitafanywa kabisa.

Kujenga antena kubwa kwa mikono kuna kanuni zake, nazo hazimjali tajiri wala maskini. Kanuni ya kwanza ni uwiano wa upana wa chombo na urefu wa wimbi. Kadiri ungo unavyokuwa mpana kuliko wimbi, ndivyo unavyokusanya zaidi na kuona kwa makini zaidi. Ungo mdogo mbele ya wimbi refu ni sawa na jicho lenye ukungu. Kanuni ya pili ni umbo. Bati lazima lipinde kwa mviringo wa parabola, ili kila wimbi linaloligonga, liwe limegonga pembeni au katikati, liruke kwenda kwenye nukta moja tu. Kosa la umbo lazima liwe sehemu ndogo ya urefu wa wimbi. Kwa wimbi la sentimita 9, pindo la unene wa kidole ni hasara. Kanuni ya tatu ni uzito na upepo: kila mita inayoongezwa kwenye upana huongeza mzigo juu ya boriti kupita inavyoonekana kwenye karatasi, na dhoruba haina heshima kwa hesabu iliyokosewa.

Reber alizitii kanuni hizo kwa vifaa vilivyo ndani ya uwezo wake. Mifupa ya ungo aliijenga kwa mbao, uso wake kwa mabati ya kawaida. Kipenyo chake kikawa mita 9 na zaidi kidogo, na uzito wake karibu tani 2. Gia za kuuinua na kuushusha alizitoa katika gari kuukuu la Ford. Kuuzungusha pande zote kungehitaji fedha nyingi, kwa hiyo aliuacha uinuke na kushuka tu katika mstari wa kaskazini na kusini, akaiachia dunia kazi ya kuzunguka. Aliuelekeza ungo kwenye urefu fulani wa mbingu, naye akaketi. Mbingu zikapita juu yake zenyewe. Gharama ilipita dola 1,000, zote kutoka mfukoni mwake, nazo zilikuwa fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku hizo.

Mji ulistaajabu. Mvua iliponyesha, maji yalikusanyika kwenye bati yakamwagika kwa tundu la katikati, na wapo waliodhani kwamba kijana huyo ana shabaha ya kukusanya mvua, au kuitawala. Marubani wa ndege ndogo walipinda njia yao wapate kuutazama. Mama yake, aliyeutoa ua wake kwa kazi hiyo, alikuwa zamani mwalimu wa shule, na miongoni mwa watoto aliowafundisha palikuwa na Edwin Hubble, ambaye baadaye alionyesha kwamba nje ya kundi letu la nyota yako makundi mengine. Si kila mama aliyefundisha mwanafalaki akazaa mwanafalaki mwingine, na huyu wa pili hakuna aliyemwita kwa jina hilo wakati ule.

Mwanzo wa kazi ulikuwa kushindwa. Elimu ya fizikia ya wakati ule ilisema kwamba kitu chenye joto hutoa mawimbi mafupi ya redio kwa nguvu zaidi kuliko marefu. Reber akafuata elimu hiyo, akajenga kipokezi cha megahezi 3,300, yaani wimbi la sentimita 9. Hakusikia kitu. Akajenga cha pili, cha megahezi 900 hivi, wimbi la sentimita 33. Kimya. Mtu wa ujira angaliandika taarifa akafunga jalada, wala asilaumiwe. Reber alifikiri kinyume: ikiwa mbingu hazifuati kanuni, basi huenda kanuni hiyo si ya mbingu hizi. Akashuka hata megahezi 160, wimbi la mita 1.87, na kati ya 1938 na 1939 mvumo wa Njia Nyeupe ukaingia katika ungo wake, dhahiri, ukija na kuondoka kwa saa ya nyota kama Jansky alivyosema.

Mchana haukufaa kwa kazi hiyo, kwa sababu cheche za injini za magari yaliyopita njiani zilifunika sauti ya mbingu. Basi alifanya kazi Chicago mchana, akalala baada ya chakula cha jioni, akaamka usiku wa manane, akasoma mita na kuandika hata alfajiri, kisha akarudi kazini. Huo ndio upepetaji wenyewe: hesabu moja baada ya moja, usiku baada ya usiku, nyingi zisizo na maana zikiwa peke yake.

Mwaka 1940 maandishi yake yalitokea katika jarida kubwa la wanafalaki wa Marekani. Kabla ya hapo wanafalaki wa Yerkes walikuwa na mashaka, nayo hayakuwa ya aibu. Mtu asiye na cheo katika elimu yao alileta habari ambazo nadharia haikuzitazamia. Walakini walifanya lililo jema: walikwenda Wheaton wakauona ungo kwa macho yao. Mwaka 1944 Reber alichapisha ramani za kwanza za mbingu ya redio, ambamo nguvu ya mawimbi hupanda upande wa kundi la Mshale, kitovu cha Njia Nyeupe, na tena upande wa Cygnus na Cassiopeia. Kuhusu ile kanuni iliyokataa, sababu ilieleweka katika miaka ya 1950: sehemu kubwa ya mawimbi hayo haitoki katika joto la nyota, ila katika elektroni zinazokwenda kwa kasi kubwa mno zikipinda katika uga wa sumaku uliotandaa baina ya nyota.

Ingalikuwa rahisi kumaliza habari kwa sifa tupu, na kusema kwamba mtu wa ridhaa daima hushinda wenye vyeo. Ukweli una pande mbili. Mwaka 1954 Reber alihamia Tasmania, na katika miaka ya 1960 alisimamisha karibu na Bothwell, katika malisho ya kondoo, antena iliyoushinda ungo wa Wheaton kwa ukubwa: nyaya za dipoli 192 juu ya milingoti, zikitanda kipenyo cha zaidi ya kilomita moja, ili kupokea wimbi la mita 144. Wimbi refu namna hiyo kwa kawaida huzuiwa na tabaka la umeme lililo juu ya hewa. Kule Tasmania, usiku wa majira ya baridi na jua likiwa tulivu, tabaka hilo hufunguka kidogo. Hapana wengi waliothubutu kulisikiliza. Lakini uhuru ule ule wa fikra uliomfanya aikatae kanuni ya joto ulimfanya pia aikatae nadharia ya mlipuko mkuu wa mwanzo wa ulimwengu, hata baada ya ushahidi wake kuwa mwingi. Akashikilia ulimwengu usio na mwanzo mpaka kifo chake mwaka 2002. Ukaidi uliomfikisha kwenye ukweli mmoja ulimzuilia mlango wa ukweli mwingine.

Je, ukaidi huo ni fadhila au ila? Jibu li katika ungo. Reber alipokuwa na chombo mbele yake, chombo kilimrekebisha: kilisema kimya kwa megahezi 3,300, kimya kwa 900, kikasema ndiyo kwa 160, naye akatii mara zote tatu. Fikra yake ilipokwenda mahali ambapo ungo wake haukuweza kupepeta, hakuwa na kitu cha kumkatalia ila maneno ya watu, na maneno ya watu alikuwa amezoea kuyakataa. Kwa hiyo si cheo kimfanyacho mtu kuwa mwanachuoni, wala si kukosa cheo. Ni kuwa na kitu nje ya nafsi yake ambacho amekipa ruhusa ya kumwambia la, na kukisikiliza kinaposema.

Ungo wa Wheaton umehifadhiwa Green Bank, West Virginia, mahali ambapo mataifa hutuma wanafunzi wao kujifunza elimu ambayo wakati ulipojengwa haikuwa na mwalimu wala darasa. Nyungo za leo ni kubwa kuliko huo mara kumi na zaidi, na waziendeshao hulipwa, kama inavyostahili. Hata hivyo katika nyua za nyumba nyingi duniani wangaliko watu wa ridhaa wanaopinda mabati na nyavu kwa mikono yao. Wenzao walikwisha kusalimiana kwa kuyapiga mawimbi kwenye Mwezi tangu mwaka 1960, na salamu huchukua sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Faida yake haiandikwi katika daftari la biashara. Hazina ya elimu, walakini, imepata mara nyingi kujazwa kwa kibaba kilichopimwa na mtu ambaye hakuna aliyemwomba apime.