Picha ya Pikseli Moja

Mwaka 2008 nilikuwa natunza tovuti ndogo ya habari jijini Dar es Salaam. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilifungua faili la kumbukumbu za seva nikalisoma mstari kwa mstari: anwani ya mtandao, saa, ukurasa ulioombwa, namba 200 ya kuthibitisha kwamba umetoka salama, na mwishoni aina ya simu. Nokia, Nokia, Samsung, Nokia. Nilikuwa kama nawaona wasomaji ndani ya daladala, dole gumba likibonyeza vitufe.

Kisha tukahamia Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wasomaji wa tovuti. Grafu zake zilipendeza, lakini hesabu yake ilitegemea JavaScript, yaani simu ya msomaji yenyewe iendeshe kipande cha programu. Simu za bei nafuu hazikukiweza. Wenye simu hizo wakatoweka kwenye takwimu, ingawa waliendelea kutusoma. Kwenye kikao ikapendekezwa toleo la tovuti la simu lifungwe kwa kuwa halina watu. Nilichapisha kurasa za faili la seva nikaziweka mezani. Watu walikuwapo, mizani ndiyo haikuwapima. Toleo likabaki.

Oktoba 2009 Google wakatoa njia iliyozifaa simu hizo. Kila ukurasa ulibeba picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa jicho. Simu ilipoiomba picha hiyo, faili la PHP kwenye seva yetu lilipeleka taarifa kwa Google. Simu iliyoweza kufungua picha ikahesabika. Kilibaki kivinjari cha Opera Mini, kilichopendwa kwa kubana data ili vocha isiishe upesi: kurasa zilipitia seva za Opera, na msomaji wa Mbagala akaonekana yuko ughaibuni, mpaka tulipojifunza kusoma anwani yake halisi ndani ya ombi.

Tarehe 1 Julai 2023 mfumo ule wa zamani wa Google Analytics uliacha kupokea hesabu. Huu wa sasa hurekodi hata msomaji alivyosogeza ukurasa, na nchini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotukumbusha kwamba nyuma ya kila ombi kuna mtu mwenye haki zake.

Vijana ninaowafundisha kazi nawaanzishia kwenye faili la seva. Wakishalisoma, ndipo nawafungulia grafu, na swali langu la kwanza ni lile lile: nani hayumo humu?