Safari ya Wanafunzi Wetu Bamburi



Mwezi uliopita tuliwachukua wanafunzi wetu 32, wavulana kwa wasichana, tukavuka daraja la Nyali kwenda Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Nia yetu ilikuwa wakaone kwa macho yao yale tunayowafundisha: kwamba ardhi ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Pahala penyewe paitwa Haller Park. Tangu mwaka 1954 palichimbwa mawe ya kutengezea saruji, hata pakawa shimo kubwa jeupe, jua kali juu na maji ya chumvi chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu, na iliyositawi zaidi ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yalipoanguka yalikaa juu ya mwamba, hayaozi. Ndipo wakaletwa majongoo. Jongoo yule yule ambaye watoto wetu humkanyaga aliyala majani yale, na kinyesi chake kikawa udongo. Leo pana msitu, na twiga hutembea ndani yake.

Baada ya sala ya adhuhuri tulikula chini ya kivuli. Tulipoinuka, mwanafunzi mdogo, angali katika juzuu ya Amma, aliokota chupa ya plastiki akatuuliza, "Maalim, na hii jongoo ataila?"

Hatukuwa na jawabu. Tena tuliona haya, kwani maji yale ya chupa tuliyanunua sisi, hali madumu ya maji tunayo. Tulizikusanya chupa zote, zikawa 64, tukarudi nazo.

Njiani tukajiuliza tutazitupa wapi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini chupa zingaliko, na sisi kwa miaka mingi taka zetu huzitupa nyuma ya madrasa na kuzichoma jioni. Moshi wake huingia kwa jirani yetu, bibi mzee mwenye pumu. Tukiwahifadhisha watoto hadithi ya kuondoa udhia njiani, kumbe udhia tumeuweka sisi mlangoni pa jirani.

Siku ya pili tulikwenda kumtaka radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimezoea kufunga dirisha." Neno hilo lilituuma kuliko lawama.

Sasa tumeacha kuchoma. Majani na maganda hutiwa katika shimo yaoze yawe mbolea. Chupa huwekwa guniani mpaka aje mnunuzi wa plastiki. Wanafunzi ndio wasimamizi, nasi tukikosea hutukumbusha.

Enyi wazazi, kabla hamjawakataza watoto kutupa taka, tazameni kwanza nyuma ya nyumba zenu, na mwulizeni jirani kama dirisha lake li wazi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.