Mizani ya Mhandisi

Neno mhandisi tumelipokea kwa Waarabu, nao asili yake waliipata kwa Waajemi, ambao andaza kwao ni kipimo. Mhandisi basi, kabla ya kuwa mtu wa mitambo, ni mtu wa kupima. Nalitaja hili kwa sababu mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati, aliniuliza asome uhandisi wa tawi lipi. Babake alikwisha kumchagulia mafuta na gesi, penye mishahara minono. Mimi sikukanyaga chuo. Elimu yangu ni ya kamusi na kandili. Lakini aliyeulizwa hana budi kujibu.

Nilimwambia kuwa sisi washairi tuna bahari nyingi, na kila moja hudai mizani yake. Matawi ya uhandisi nayo ni hivyo: hisabati ni ile ile, kinachotofautiana ni swali. Mhandisi wa ujenzi huuliza uzito huu utabebwa na nini. Wa umeme huuliza nguvu hii itafikaje, na kiasi gani kitapotea njiani. Wa mitambo huuliza joto litageukaje kuwa mwendo. Wa kemia huuliza kilichowezekana chupani kitawezekanaje kiwandani.

Kwetu visiwani maswali haya si ya darasani tu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Unguja, inayopata umeme kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, na dada yangu alibeba maji kwa madumu, mtoto mgongoni.

Bei ya gesi hupanda na kushuka, na masomo ni miaka minne. Ahitimuye huenda asilikute soko aliloliacha. Swali, hata hivyo, mtu huishi nalo umri mzima. Nikamshauri achague lile ambalo akilikosea jibu hapati usingizi, na akilipata hatosheki.

Amechagua umeme. Shemeji yangu hajasema nami tangu Ijumaa. Simlaumu, kwani ada ni yeye atakayeilipa.