Kwa Baisikeli Kando ya Mto Tana

Mimi ni karani wa serikali, nami nimetimiza mwaka wa nne hapa Garsen. Mwezi wa Januari nilipopewa likizo yangu, wenzangu ofisini walidhani nitakwenda Mombasa, au nitarudi kwetu Taita. Nikawaambia kwamba nimekwisha kununua tairi mbili mpya za baisikeli, na kwamba nitazunguka mumu humu katika nchi ya mto. Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Bwana, mtu hupewa likizo apate kuikimbia Garsen, nawe wataka kuizunguka!"

Sababu zangu zilikuwa mbili. Kwanza, nilipata kusoma jinsi wageni waendavyo likizo nchini Italia, katika jimbo la Toscana. Hupanda baisikeli polepole kati ya mashamba ya mizabibu, huuendea mji ulio juu ya kilima, hula, huonja divai ya mahali hapo, hulala, na asubuhi hushika njia ya mji mwingine. Nikafikiri, nasi tuna mto ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, tuna vijiji vya kale, na tembo halikosekani. Kilichopungua ni mtu wa kupanda baisikeli.

Sababu ya pili yanitia haya kidogo. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano, na katika mikutano yetu hakuna neno litajwalo mara nyingi kuliko malka. Malka ni njia ya kupitishia ng'ombe hadi mtoni, katikati ya mashamba. Wapokomo hulima ukingoni mwa mto, nao Waorma huleta mifugo yao kutoka bara wakati wa kiangazi, maana huko visima na mabwawa hukauka. Mkulima hawezi kuishi bila ukingo, na mfugaji hawezi kuishi bila kuufikia. Katika Agosti 2012 ugomvi wa ardhi, maji na malisho uligeuka vita, na kabla ya kutulia mwaka uliofuata watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Basi neno hilo si dogo. Mimi nimeliandika pengine mara mia, majina ya malka nayajua kwa ghaibu, wala sikuwa nimesimama katika malka hata moja.

Nikaondoka alfajiri, jua lisije likanikuta njiani. Nilipita Minjila, penye njia panda ya Malindi, Hola na Lamu, kisha nikaiacha lami na kushika barabara ya udongo iendayo Tarasaa. Hapo nikaona tofauti ya kwanza kati yetu na Italia. Nchi hii haina kilima hata kimoja cha kumtoa mtu jasho. Mto Tana hutoka katika Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, husafiri kama kilomita 1,000, na ukifika Garsen hutawanyika katika tambarare kubwa ya matope, mabwawa na nyasi. Kilima kirefu nilichokiona siku ile kilikuwa kichuguu. Jasho nililipata kwa mwiba wa mathenge uliotoboa mpira wangu mara mbili kabla ya saa nne. Kijana mmoja mchunga mbuzi alinishikia gurudumu nilipokuwa nikibandika kiraka. Akaniuliza, "Karani, pikipiki yako imeharibika?" Nikamwambia sina pikipiki. Akanitazama kwa huruma.

Kutoka Tarasaa nilifika Ngao, nikapokewa na mzee mmoja Mpokomo aliyekuwa akinifahamu kwa mikutano. Miembe ya Ngao ni mikubwa kama nyumba, na chini yake mna baridi hata adhuhuri. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walianza kazi hapa mwaka 1887. Karibu yake ni Golbanti, ambako Wamethodisti wa Uingereza walitangulia kuweka kituo chao. Huko, mwaka 1886, mchungaji John Houghton na mkewe waliuawa Wamasai walipokishambulia kituo hicho. Nilikwenda kupatazama, nikakaa kitambo kimya. Wote waliofika katika mto huu, wenyeji na wageni, walifika kwa shida.

Jioni mke wa mzee alimbembeleza mjukuu wake kwa wimbo wa Kipokomo. Nilistaajabu, kwa kuwa niliona kama naujua, ingawa sijui Kipokomo. Mzee akacheka. "Mwanangu," akasema, "huo ndio unaousimamia ukiwa umevua kofia." Kweli, sauti ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kulaza watoto. Tangu shule nimeuimba nikisimama wima, na siku ile niliusikia ukifanya kazi yake ya kwanza. Mtoto akalala.

Nikaletewa na tembo. Huku watu hugema mnazi, hugema mkoma, na penye misitu ya mto hugema mkindu. Mzee aliniambia kwamba si miti yote huvumilia kisu. Mnazi ukigemwa vizuri huendelea kuishi, lakini shina la mkindu likikatwa kilele hufa, na mgema asiyejizuia hujikuta baada ya miaka michache hana mti wala tembo. Nilionja kikombe kimoja, likawa tamu na lenye uchachu kidogo, nami nikalisifu. Mzee akanionya nisimsifu mgema mbele yake, maana tunajua wote hulifanya nini tembo lake.

Siku ya tatu mzee alinichukua mpaka kijiji kimoja ambacho sitakitaja, ili nione malka kwa macho yangu. Jina la malka ile lilikuwa katika orodha niliyoipiga chapa mwenyewe, na mbele ya jina niliandika neno "wazi". Tulipofika, sikuona njia. Niliona shamba la mahindi lililostawi sana, na miche ya miembe iliyozungushiwa miiba. Mwenye shamba akaja, akatuamkia kwa adabu. Nikamwuliza kama haijui malka.

Akajibu, "Naijua, bwana karani. Nimezaliwa naiona. Lakini njoo uone shamba langu." Akatupeleka ukingoni, akanyosha kidole katikati ya mto. "Lile pale. Mafuriko ya mwaka 2024 yalimomonyoa ukingo, mto ukahamia kwangu. Nina watoto saba. Nilime wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukiwa bado tumesimama, vumbi likatokea upande wa bara, kisha tukasikia kengele za ng'ombe. Mzee mmoja wa Kiorma alikuwa akiwatangulia, fimbo mabegani. Tukamwamkia, "Asalaam aleikum," akaitikia, "Waaleikum salaam," wala hakuwa na hasira. Alisema wametembea siku tatu kutoka bara. Zamani wangekuwa wanakunywa sasa. Lakini kwa kuwa njia imezibwa huwabidi kuzunguka kwa saa mbili zaidi, na katika kuzunguka huko ndama wawili walikuwa wameanguka wasiinuke. "Ng'ombe akisikia harufu ya maji," akasema, "hajui mahindi ni ya nani. Vijana wangu wakishindwa kumzuia, kesho mtasema sisi tumeanza vita."

Nakiri kwamba niliogopa. Lakini mzee wangu wa Ngao alimshika mkono yule wa Kiorma, wakaenda chini ya mwembe pamoja na mwenye shamba na watu wazima wengine, wakakaa. Walizungumza mpaka alasiri, wakati vijana wakizungusha ng'ombe kwa njia ndefu. Sikuelewa yote, lakini nilielewa mwisho. Mahindi yataachwa yakomae na kuvunwa, maana chakula kilicho shambani hakikanyagwi. Miche ya miembe itahamishwa, kwa kuwa mwembe ni mti wa miaka mingi, na mtu akiupanda malka huwa amefunga njia ya wajukuu. Njia itafunguliwa upande wa chini, pembeni mwa shamba, upana wa hatua ishirini, na Waorma watasaidia kuweka ua wa miiba ili ng'ombe wasipotoke. Tena wazee wa kijiji watamtafutia mwenye shamba kipande kingine, badala ya kile kilicholiwa na mto.

Kisha mzee wa Kiorma akanigeukia, akasema, "Karani, andika." Nikajipapasa. Mimi ambaye ofisini nina makabati matatu ya karatasi, nilikuwa na stakabadhi ya tairi zangu tu. Nikaandika nyuma yake, nikawasomea, wakaitikia.

Nilirudi Garsen kupumzika, kisha nikavuka daraja kwenda Gamba na Witu. Wazee husimulia jinsi magari yalivyovushwa hapa zamani kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba, na abiria wakisaidia kuvuta. Leo baisikeli hupita juu ya mto kwa dakika chache. Witu ulikuwa makao ya Sultani Ahmed, aitwaye Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate. Mwaka 1885 alijiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani waliukabidhi kwa Waingereza kwa mkataba, na mwaka ule ule askari wa Kiingereza waliuteketeza mji kwa moto, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale. Sasa ni mji mtulivu wa biashara, wenye chai nzuri na mafundi hodari wa baisikeli.

Kutoka Witu niliteremka mpaka Kipini, mto unapoingia baharini. Hapo kuna minazi, upepo, na kaburi ambalo wenyeji husema ni la Fumo Liongo. Lakini jambo lililonishika zaidi ni habari za mfereji wa Belezoni. Zamani Tana haukutokea Kipini. Uliotokea hapo ni Ozi, mto mdogo, na Tana ulikuwa na mlango wake upande wa kusini. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji mwembamba wa kuunganisha mito hiyo, ili mitumbwi ya mpunga ipate kupita. Mafuriko yakaupanua, yakaupanua tena, hata Tana ukaacha njia yake na kufuata ile iliyochimbwa kwa majembe.

Wakulima wa Ozi hutegemea maji kujaa na kupwa: bahari ikijaa huyasukuma nyuma maji matamu ya mto, nayo hupanda katika majaruba ya mpunga. Siku hizi hulalamika kwamba mto ukipungua, kinachopanda ni chumvi. Juu huko kumejengwa mabwawa ya umeme, la Kindaruma mwaka 1968, na la Masinga, kubwa kuliko yote, mwaka 1981. Na taa zinazowaka Nairobi zina deni kwa majaruba haya. Tena mwaka 2012, mwaka ule ule wa mauaji, delta hii iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu, hekta 163,600. Nami nilipokuwa nikitazama maji ya kahawia yakiingia katika ya buluu, nilikumbuka kwamba ulimwengu huo una orodha yake, nami nina yangu, na yangu ilikuwa na kosa.

Siku ya kurudi kazini, jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa ile orodha. Nikafuta neno "wazi", nikaandika, "imefungwa kwa sababu ya mto kuhama, itafunguliwa upande wa chini baada ya mavuno, kwa mapatano ya wazee." Nikaibandika na stakabadhi ile katika jalada. Mkubwa wangu aliuliza kwa nini risiti ya tairi imo katika jalada la malka. Nikamwomba aigeuze.

Makarani wenzangu wanaosoma habari hizi, siwaambii mwende Italia, wala siwakatazi. Lakini kama kuna jina mnaloliandika kila juma na hamjaliona, tieni tairi upepo mwende. Mimi nitarudi kule baada ya mavuno, nikapime hatua ishirini.