Rodi Ilijizungusha Yenyewe
Nilimkata kijana wangu wa kazi shilingi 40,000 kwa kosa nililolifanya mimi. Sijapata kulisema hili mbele ya mafundi wenzangu hapa Keko, na leo nalisema.

Nilikuwa nimejitengenezea kipandishio cha ruta. Mashine hiyo ya kuchongea mbao inafungwa chini ya meza, kisu kikichomoza juu kupitia tundu, na kuinama uvunguni kila unapotaka kubadili kimo kunaua mgongo. Nikaifunga kwenye ubao unaoteleza kwa reli za droo, nikapitisha rodi ya nyuzi ya M12 kwenye nati. Mzunguko mmoja wa rodi hiyo unapandisha milimita 1.75. Nilijivunia sana. Lakini sikuweka kitu cha kuikaza. Niliona uzito wa mashine unatosha.

Ikaja kazi ya milango sita ya kabati, mninga mtupu. Nikapanga mfereji wa milimita 10 kwenye fremu. Kisu kilizidi, nikakirudisha chini kidogo, nikamwachia kijana asukume mbao. Jioni tulipounganisha, vipande vya mwanzo vilikaa sawa. Vya mwisho vilikuwa na mfereji wa milimita 8 na ushee. Paneli zikagota kabla viungo havijafunga.

"Fundi, ile rodi mimi sijaigusa."

Nikamwita mwongo mbele ya mteja. Mwisho wa mwezi akaondoka.

Baadaye kimo kikanipotea nikiwa peke yangu. Nikachora alama ya chaki kwenye rodi, nikawasha ruta bila mbao. Dakika kumi hazikufika, alama ilikuwa imehama robo mzunguko. Ulikuwa mtetemo tu. Na siku ile, kwa kurudisha kisu chini, niliacha nafasi kati ya nati na nyuzi. Ubao ulikwama kwenye reli, ukangoja kutikiswa ndipo ushuke. Kimo humalizwa kwa kupandisha, kisha unakaza. Aliyewahi kutumia jiliwa kuukuu analijua hilo. Nililijua.

Nikaweka nati ya pili ya kukazia, nikanyamaza miezi mitano. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma kuliko mninga ulioharibika.

Juzi nilimfuata kwenye karakana anakofanya kazi sasa, nikamrudishia pesa zake na kumwomba radhi. Alizipokea, akasema, "Ahsante, fundi," akarudi kwenye randa yake. Yule mteja bado anaamini kijana ni mwongo. Kesho asubuhi nakwenda kwake.