Namba ya Ami

Ami yetu, ambaye sasa amevuka miaka 75, alikuwa na simu ya mezani nyumbani kwake Ilala tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994. Zama hizo mtu aliomba laini akangoja miaka. Baadaye intaneti ikapitishwa katika waya ule ule wa shaba, naye akaridhika nayo, ingawa kila Ramadhani picha ya Tarawehe kutoka Makka iliganda katikati ya rakaa na wajukuu wakaguna.

Kasoro haikuwa ya televisheni yake. Intaneti ya waya wa shaba hudhoofu kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, na viungo vya waya vikiingia maji hali huzidi kuwa mbaya. Faiba hupitisha mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo, na umbali wa mtaani si kitu kwake. Ila huhitaji umeme wa nyumbani, ilhali simu ile ya zamani ililia hata umeme ulipokatika, kwa kuwa nguvu yake ilitoka kituoni. Hilo ami alilijua kuliko sisi.

Sisi vijana wa ukoo tukachanga fedha, na siku ami alipokwenda mazikoni Bagamoyo tukaiingiza faiba. Kesho yake tukaifuta laini ya zamani, kwani ankara tulikuwa tukilipa sisi na hatukuona sababu ya kulipa mara mbili.

Aliporudi alikitazama kisanduku kipya chenye vitaa, akasema, "Ahsanteni, wanangu." Kisha akauliza, "Na namba yangu?"

Tukamjibu kwamba siku hizi kila mtu hupigiwa simu ya mkononi. Akanyamaza, nasi tukauchukua ukimya ule kuwa ni ridhaa. Katika kamati ya msikiti ni sisi tunaoandika mihutasari, na neno shura hatulikosi katika kikao hata kimoja.

Dada yake yuko Maskati tangu miaka ya 1970. Macho yake yamepungua nuru, na namba aliyoihifadhi kichwani ni ile moja tu, ambayo aliipiga kila Ijumaa baada ya Alasiri. Ijumaa mbili akaipiga, kimya. Usiku wa ile ya pili binamu yetu wa huko alituandikia, kwa tahadhari kubwa, akiuliza kama kuna msiba tunaowaficha. Shangazi alikwisha kulia, na alikuwa ameanza kumsomea kaka yake Yasini.

Usiku ule ule tuliwaunganisha kwa simu. Ami alicheka, akamwambia dada yake angoje kwanza afe. Sisi hatukucheka. Kampuni ilitujibu kwamba namba imekwisha kufutwa na hairudi. Tungeuliza mapema, pengine ingehamishiwa kwenye faiba. Hata kuiacha laini ile miezi miwili zaidi, mpaka jamaa wote wapate habari, kusingetufilisi.

Tarawehe sasa haigandi. Simu ya mezani bado iko juu ya kabati, maana ami amekataa isiondolewe. Ijumaa baada ya Alasiri hukaa kwenye kiti kile kile kilicho kando yake, simu ya mkononi ikiwa mapajani, akingoja.